Kundi la galaksi lina gesi kibao, sasa mbona nyota hazizaliwi?

Galaksi (yaani mikusanyiko ya mabilioni ya nyota, kama hii yetu) nazo huishi kwa makundi, kubwa linaweza kuwa na mamia hadi maelfu ya galaksi zilizoshikiliwa pamoja na mvutano, na nafasi kati yake sio tupu, imejaa gesi, tena uzito wake unazidi nyota zote za kundi zima ukizijumlisha. Ungedhani basi huko nyota zinazaliwa kila siku. Wapi! Makundi ya karibu nasi galaksi zake nyingi ni nyekundu, yaani nyota zake ni za kizee, mpya karibu hakuna.

Shida ni joto. Ili nyota izaliwe gesi lazima ipoe, itulie, ijikusanye mpaka ijibane yenyewe, na hii ya kwenye kundi ina joto la makumi ya mamilioni ya digrii, inatoa eksirei kabisa. Katikati ndo ilitakiwa ipoe haraka zaidi, ila hapohapo kuna galaksi jitu yenye shimo jeusi tumboni (kitu chenye mvutano mkali hadi nuru haitoki), na shimo likila gesi linatapika nishati inayoipasha gesi upya, sawa na mtu anayechochea kuni kila chungu kikitaka kupoa. Alafu galaksi ndogo zinazoingia kundini hupuliziwa mbali gesi yao kwa kasi wanayoingia nayo kwenye gesi ya kundi, si unajua upepo ukiwa nyuma ya bodaboda.

Ila kuangalia mbali ni kuangalia zamani, na zamani mambo hayakuwa hivi kila mahali. Kuna kundi linaitwa SpARCS1049+56 (jina kama pasiwedi, najua), nuru yake imesafiri miaka kama bilioni 9.9 kutufikia. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba katikati yake zinazaliwa nyota zenye uzito wa majua zaidi ya 800 kwa mwaka, wakati galaksi yetu inapata moja au mbili hivi. Mwanzo wanasayansi wakahisi kuna galaksi nyingine imegongana na galaksi jitu ya katikati ikaleta gesi yake. 2020 darubini ya eksirei ya Chandra ikaonyesha kitu tofauti: gesi iliyopoa zaidi iko pembeni, mbali na shimo jeusi, kwa hiyo shimo lina njaa, halichochei chochote, na gesi inapoa inavyotaka.

Usikariri lakini, maana kuna kundi la Phoenix, huko shimo linakula vizuri tu na bado nyota zinamiminika kwa mamia kila mwaka.