Sugu ni ya nani?

Mwambie mchoma mishikaki alisogeze jiko asipigwe na moshi, atakujibu hana haja: "Miaka ishirini hii, mapafu yangu yashakuwa sugu." Utingo wa malori ya kontena pale Changamwe, Mombasa, atakwambia vivyo hivyo, na mama wa mahamri, na fundi wa kuchomelea ambaye kinga yake yote ni pakiti ya maziwa saa saba mchana. Kisha mmoja wao anatoka hospitali na karatasi iliyoandikwa kwamba ana ugonjwa sugu wa mapafu. Neno alilokuwa akijisifia ndilo limekuwa jina la maradhi yake. Nyumbani nako kunazuka jambo: kikombe chake kinatengwa na wajukuu wanakatazwa kulala naye, kwa kuwa jirani kasema sugu ni ile isiyosikia dawa.

Maana ya kidaktari ni fupi. Ugonjwa sugu ni ugonjwa unaokaa. Si lazima uwe mkali, si lazima uambukize, wala si lazima uikatae dawa. Mkamba sugu, yaani uvimbe wa muda mrefu wa mirija ya hewa mapafuni, hupimwa kwa kalenda: mtu akohoe na kutoa belghamu siku nyingi za mwezi, kwa muda usiopungua miezi 3 katika mwaka, miaka 2 mfululizo, na pasiwe na maradhi mengine yanayoeleza kikohozi hicho. Aliyekohoa wiki mbili upepo ulipogeuka akapona, huyo alikuwa na kikohozi tu.

Tatizo limeanzia kwenye neno lenyewe. Sugu ni jamaa wa kusugua. Mtazame hamali wa mkokoteni akifungua kiganja: chini ya kila kidole pana kijiduara cha ngozi ngumu, ya rangi ya manjano, ukikibonyeza hahisi kitu. Hiyo ndiyo sugu. Seremala anayo penye mpini wa randa, na mtu wa sala huwa nayo kwenye kifundo cha mguu, mbali na ile sijida ya kwenye paji la uso. Zote zilianza kwa maumivu, pengine na malengelenge, kisha ngozi ikaongeza tabaka juu ya tabaka mpaka ikaacha kuuma. Kwa hiyo sugu ya asili ni kinga, na mwenye nayo ana haki ya kujivuna.

Kutoka kwenye ngozi neno likahamia kwenye tabia. Mtoto sugu ni yule ambaye fimbo haimwingii tena, na mhalifu sugu ametoka jela mara nne na bado yumo. Likaingia hospitali kupitia mlango huo huo: kifua kikuu sugu ni kile ambacho vijidudu vyake vimeshazizoea dawa. Hapo aliyekuwa sugu ni kidudu. Mgonjwa hana sugu yoyote, maskini, yeye ndiye anayesuguliwa.

Halafu likahitajika neno la maradhi ya muda mrefu. Wazungu walilichota lao kwenye khronos ya Kigiriki, yaani wakati, na wakati ndio wote uliomo humo. Sisi tulikuwa na mfano mzuri katika donda ndugu, lile donda lisilohama, kama ndugu aliyekuja kukutembelea akakaa. Lakini lililoshika ni sugu. Si baya, maradhi yanayokaa husugua kweli. Ila tangu hapo kila anayelitumia anapaswa kujiuliza: sugu ni ya nani? Mkononi ni ya ngozi. Katika kifua kikuu, sugu ni ya kidudu. Katika mkamba, sugu ni ya muda tu, hakuna aliyekomaa. Na mapafu sugu, yale ya mchoma mishikaki, hayapo.

Hayapo kwa sababu ya kazi yake. Ngozi kazi yake ni kuzuia, kwa hiyo ikiongeza unene hufanya kazi vizuri zaidi. Pafu kazi yake ni kupitisha. Kwenye vifuko vya hewa, ukuta unaotenganisha hewa na damu una unene usiofika maikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa kichwani una kama 70. Weka sugu hapo, hata nyembamba kiasi gani, oksijeni itakwama upande mmoja na damu upande wa pili.

Juu zaidi, kwenye mirija, kweli kuna kitu kinachofanana na sugu, na hapa ndipo utani unapoisha. Mirija hiyo ina vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kama makasia na kuusukuma ute uliobeba uchafu kuelekea kooni. Moshi wa miaka huvichosha na kuviua. Tezi za ute hunenepa na kumwaga ute mwingi zaidi ambao sasa hauna wa kuufagia. Ukuta wa mrija huvimba, njia hubana, na mahali pengine utando laini hubadilika ukawa wa seli bapa zinazofanana na za ngozi. Kohozi zito la alfajiri, lile analoliita "kusafisha kifua", ni kikohozi kinachofanya kazi ya ufagio uliokufa. Ukishikilia kwamba mapafu huota sugu, basi sugu yenyewe ndiyo hiyo, na ndiyo maradhi aliyoandikiwa.

Na huo ni moshi ulioishia juu. Chembe ndogo zaidi, zenye kipenyo cha maikromita 2.5 kushuka chini, hupita mpaka kwenye vifuko, ambako hakuna kinywele hata kimoja. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, na uvimbe unaozuka hapo haubaki kifuani. Huingia kwenye mishipa ya damu. Ndiyo maana hewa chafu ya miaka mingi huua watu wengi kwa moyo na kiharusi, na jamaa zao wasiitaje kabisa hewa. Saratani nayo imo: wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliutia moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vilivyothibitika mwaka 2012, na mwaka uliofuata ukaitia hewa chafu ya nje kwa jumla. Shirika lenyewe mwaka 2021 lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha chembe hizo kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Upande wa jiko la kuni lisilo na bomba, hesabu hufika mamia.

Kilichozoea ni pua. Mgeni akiingia sebuleni husikia udi tangu mlangoni. Mwenye nyumba aliyeketi na chetezo tangu alasiri hasikii kitu. Udi haujapungua. (Na chetezo nacho ni moshi, nisilaumiwe.) Koo nalo hupunguza kuwasha. Kengele imezimwa, mwizi bado yumo ndani.

Kama kuzoea kungekuwa kinga, London ya Desemba 1952 ingeonyesha. Ukungu wa moshi wa makaa ya mawe ulilala juu ya mji siku tano, na hesabu ya kwanza ilikuwa vifo kama 4,000 zaidi ya kawaida. Wengi walikuwa wazee, na wenye vifua vilivyokwisha kulika. Ndio waliouvuta moshi huo miaka mingi kuliko wote. Tena mwaka 1993 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya watu wazima 8,111 wa miji sita ya Marekani waliofuatiliwa miaka 14 hadi 16: hatari ya kufa katika mji uliochafuka zaidi ilizidi ile ya mji safi zaidi kwa asilimia 26, hata baada ya kuhesabu sigara.

Wa Mombasa ana jibu lake: sisi tuna kusi na kaskazi, upepo unachukua. Unachukua, ndiyo, lakini baada ya aliyeinamia jiko kuuvuta kwanza.

Kinachowadanganya wengi ni ukarimu wa pafu. Mtu mzima asiyevuta sigara hupoteza kama mililita 30 za hewa anayoweza kupuliza kwa sekunde moja kila mwaka kwa umri tu. Moshi huongeza kasi, lakini akiba ni kubwa, kwa hiyo upungufu hujificha. Utauona pale feri ya Likoni. Mtu aliyekuwa akipanda mteremko kwa pumzi moja sasa husimama katikati, akajifanya anafunga leso vizuri. Mwaka unaofuata anangoja tuktuk. Ukimuuliza atasema ni umri. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: unavuta hewa yote, unaipuliza kwa nguvu ndani ya mashine kwa sekunde 6 hivi, unapewa dawa ya kutanua mirija, unarudia. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya yote uliyotoa, mirija imebana na haifunguki sawasawa.

Maziwa hayana njia ya kufika huko, yanakwenda tumboni. Leso puani huzuia vumbi la barabara, haizuii chembe za moshi. Barakoa ya N95 huzizuia ikiwa imebana uso, na ndevu huiharibia kazi. Kuwasha makaa kwa mfuko wa plastiki ndiko kubaya kuliko kote. Makaa yakishawiva na moshi kwisha bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo jiko lisiingizwe chumba cha kulala. Kilichopotea kwenye mirija hakirudi chote, lakini kasi ya kupotea hupungua pale moshi unapokoma, na inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, hupunguza kubanwa.

Kwa daktari, badala ya "nimezoea", taja hesabu: jiko la kuni, saa tano kwa siku, miaka kumi na minane, jikoni hakuna dirisha. Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu kwanza. Majibu yakitoka kwamba hakipo, basi ile sugu iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya muda tu, na kikombe kirudi kabatini pamoja na vingine.