Wembe Wako Hauhitaji Jiwe Laini Zaidi

Kwa mara nyingine tena nimeulizwa iwapo jiwe la kunolea la namba 12000 litauponya wembe wa kukunja unaong'oa ndevu badala ya kuzikata, au ni afadhali kupanda moja kwa moja hadi namba 30000 (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe huwa laini zaidi). Hakuna litakalosaidia, kwa sababu tatizo halikuanzia huko. Makali ya wembe huo hupatikana kwenye jiwe la namba 1000. Mawe yanayofuata huyang'arisha tu yaliyokwisha kupatikana, na kama hayakupatikana, utakachong'arisha ni ubutu.

Wembe umeundwa ujipimie pembe wenyewe: ukiulaza bapa, mgongo na ukingo vikaligusa jiwe kwa pamoja, unapata jumla ya digrii 16 au 17 hivi bila kukisia. Kwa hiyo usiunyanyue mgongo kana kwamba unanoa kisu. Kwenye jiwe ukingo hutangulia. Kwenye mkanda wa ngozi wa kumalizia makali mgongo hutangulia, la sivyo utauchana mkanda. Jiwe lisawazishwe kwanza kwa bamba la almasi, hadi mistari ya penseli uliyoichora juu yake ifutike yote. Hayo ni ya msingi.

Ninapotaka tukae ni hapa. Makali ni miteremko miwili, mmoja kila upande wa wembe, ambayo sharti ikutane katika mstari mmoja, kuanzia kisigino, yaani upande wa mpini, hadi ncha, na mahali isipokutana panaweza kuwa padogo kiasi kwamba mtu akitazama juu juu atasema kazi imekwisha. Paka wino usiofutika kwa maji kwenye miteremko yote miwili, pitisha wembe mara chache, kisha tazama: wino uliobaki ukingoni kabisa unakuonyesha ambako jiwe halijafika. Baada ya hapo elekeza ukingo juu, chini ya taa kali, na uugeuze polepole. Makali yaliyokutana hayana upana wa kuakisi mwanga, ilhali palipo butu hujitokeza kijistari cheupe, mara nyingi karibu na kisigino au nchani. Kijistari hicho ndicho watu wanachokipeleka kwenye namba 8000 wakitarajia miujiza. Jiwe laini huondoa chuma kidogo mno. Utasugua hadi kuche, na kijistari kitakuwepo palepale, kikiwa kimepakana na miteremko inayong'aa kama kioo.

Kukandamiza nako si dawa. Wembe uliochongwa mbonyeo, yaani wenye ubavu uliobonyea kuingia ndani, una chuma chembamba kinachopinda chini ya kidole, na ukikilazimisha, jiwe litagusa pasipotakiwa. Anza kwa mkono mwepesi, kisha punguza hadi ubaki uzito wa wembe wenyewe. Miteremko ikishakutana, maji yaliyo juu ya jiwe mbele ya ukingo huupanda ubapa kwa mkunjo mmoja usiokatika. Yakipita chini ya sehemu fulani, rudi uishughulikie sehemu hiyo kabla hujaligusa jiwe jingine.

Jaribio la kukata unywele hewani siliamini sana, kwani makali yale yale hukata unywele mnene na kushindwa na mwembamba, na wembe ulioshindwa kabisa huweza kunyoa vizuri. Kuhusu utepe wa kubandika mgongoni, bado sijaamua: unaulinda mgongo usilike, lakini unaongeza pembe kidogo, na anayeunoa wembe huo baadaye bila utepe atashangaa jiwe haligusi ukingo.

Namba zenyewe pia zisichukuliwe kama maandiko, maana 8000 ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na 8000 ya kingine, na mawe ya asili, kama yale ya manjano ya Ubelgiji yenye chembe za garneti, madini magumu, hayana namba kabisa. Makali ya mawe hayo, yakitazamwa kwa lenzi, huonekana yamekwaruzika kuliko yaliyotoka kwenye jiwe laini la kiwandani, lakini usoni hupita kwa upole ambao maelezo yote niliyoyasoma hayajanishawishi kwamba yanaufafanua.