Sindano Zikiisha, Matibabu ya Melioidosi Hayajafika Hata Nusu

Kila ninapomaliza kufundisha kuhusu melioidosi, ugonjwa wa bakteria anayeishi udongoni, hujitokeza mtu wa kuuliza kwa nini mgonjwa aliyekwisha kudungwa sindano wiki mbili, ambaye homa imeshuka na anakula vizuri, aongezewe miezi mitatu ya Septrin, "ile dawa ya kinga ya CTC", yaani kliniki ya wenye VVU. Wiki hii aliyeuliza alikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo hapa Mbeya, kijana makini ninayemheshimu, na wenzake wote wakamuunga mkono. Nimechoka kuijibu hoja hii kwa mdomo, kwa kuwa anayeiamini atamruhusu mgonjwa aende nyumbani akiwa bado amebeba bakteria hai.

Bakteria mwenyewe, Burkholderia pseudomallei, huishi udongoni na kwenye maji ya matope, na humwingia mtu kupitia mchubuko, kwa kuvuta vumbi au matone, au kwa kunywa maji yasiyo salama. Whitmore na Krishnaswami waliueleza ugonjwa wake huko Rangoon mwaka 1912, na wagonjwa wengi wanaojulikana ni wa Thailand na kaskazini mwa Australia. Lakini mwaka 2011 aligundulika mtoto mwenye ugonjwa huo nchini Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya Kasumulu. Kwa hiyo mkulima wa mpunga wa Kyela au Usangu mwenye kisukari na majipu ya ini au wengu, au mwenye kifua kinachofanana na TB ilhali vipimo vya TB havionyeshi kitu, anastahili kuoteshewa damu, makohozi, mkojo na usaha (yaani bakteria kukuzwa maabara kutoka humo) kabla ya kupachikwa jina la ugonjwa mwingine.

Kosa la kwanza liko kwenye sindano yenyewe. Seftriaksoni hudungwa mara moja kwa siku, inapatikana kila mahali, na imekuwa jibu la kila homa. Majibu ya maabara yanaweza hata kusema kwamba bakteria anaisikia, yaani inamdhuru. Hapo ndipo ninapoomba watu watulie, kwa sababu uzoefu wa Thailand ulionyesha kwamba wagonjwa walioanzishiwa seftriaksoni au sefotaksimu walikufa kwa wingi zaidi kuliko walioanzishiwa seftazidimu, ingawa kwenye sahani ya maabara dawa zote hizo zilionekana kufanya kazi. Dawa ya awamu ya kwanza ni seftazidimu kila baada ya saa 6 au 8, au meropenemu kwa aliye mahututi, kwa siku zisizopungua 10 hadi 14, na kwa wiki kadhaa zaidi ikiwa ugonjwa umeingia mfupani, kwenye ubongo au kwenye jipu ambalo halijatolewa usaha. Utafiti wa Ubon Ratchathani uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba seftazidimu ilishusha vifo vya melioidosi kali kutoka asilimia 74 hadi 37. Wala usibadilishe dawa siku ya 3 kwa hofu eti homa haishuki. Katika ugonjwa huu homa huchukua kama siku 9 kutulia, na wenye majipu huchelewa zaidi.

Sasa vidonge. Bakteria huyu hujificha ndani ya seli zetu, mahali ambapo seftazidimu haifiki vizuri, na anaweza kukaa kimya kwa miezi au miaka kabla ya kuamka. Kotrimoksazoli, ndiyo hiyo Septrin, huingia humo. Aidha, dozi yake si ya kinga hata kidogo: wa CTC humeza vidonge 2 vya miligramu 480 kwa siku, ilhali mtu mzima wa melioidosi mwenye zaidi ya kilo 60 humeza 4 asubuhi na 4 jioni, yaani 8 kwa siku. Bahasha ya dawa ikiandikwa "4 x 2" bila maelezo, nyumbani wataona mwandishi amekosea, jirani atasema yeye hupewa "2 x 1", na mgonjwa atapunguza mwenyewe. Mwambieni mzee wa watu, mbele ya mkewe na wanawe, kwamba idadi hiyo ni sahihi na kwamba kupewa Septrin hakumaanishi kuwa ana VVU. Hapa Nyanda za Juu Kusini, ambako VVU imegusa karibu kila ukoo, maneno hayo yana uzito sawa na dawa yenyewe.

Vitabu huandika muda wa vidonge kana kwamba umepimwa kwa mizani. Sivyo. Thailand walizoea wiki 20, Australia hutumia miezi 3, na kwa mgonjwa mmoja mmoja hakuna kipimo kinachotuambia kwamba bakteria wamekwisha. Hata uoteshaji huwakosa wagonjwa karibu 4 kati ya 10, kwa hiyo jibu la "hakuna kilichoota" halimfuti mgonjwa ambaye dalili zake zinashawishi. Waambieni pia watu wa maabara mnachokishuku: bakteria anayeota polepole, anayepata rangi zaidi kwenye ncha mbili akitazamwa kwa hadubini, sugu kwa jentamisini na kolistini lakini anasikia amoksiklavu, asiandikwe "uchafu" wala "Pseudomonas", bakteria mwingine, na sahani yake isinuswe, kwa kuwa huingia pia kwa kuvutwa.

Dozi hii kubwa ina madhara. Pima potasiamu, kreatinini na picha kamili ya damu katika wiki za mwanzo, na upele wenye malengelenge au vidonda vya mdomoni ukitokea, simamisha dawa siku hiyohiyo. Mbadala ni doksisaiklini au amoksiklavu, ingawa kwa amoksiklavu ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi. Katika barua ya ruhusa andika jina kamili la bakteria, tarehe ya kuanza vidonge na tarehe ya kuvimaliza, ili atakayempokea akiwa na homa mwaka ujao aoteshe damu kwanza kabla ya kumwanzishia dawa za TB.