Je, wajua kwa nini somo la mafuriko linaweza kumkimbiza mwanafunzi darasani?

Tuseme ni kipindi cha Jiografia katika shule moja ya kutwa, kaunti ya Nakuru. Mwalimu anaeleza jinsi mabwawa yanavyojengwa, kisha anaonyesha video fupi: ukuta unapasuka, maji yanaporomoka. Darasa zima linasema "woi!" Msichana wa dawati la nyuma ameshatoka nje bila ruhusa. Mwalimu anaandika: utovu wa nidhamu.

Usiku wa Mei 9, 2018, Bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, Nakuru, na kuua watu zaidi ya 40, watoto wakiwemo. Walionusurika wakiwa wadogo sasa wako sekondari, na mabwawa yamo kwenye silabasi.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Kazi yake ni kunusa hatari, na haingoji maelezo. Hupiga king'ora kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo, haijatambua kwamba hii ni video tu. Adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa. Kumbukumbu ya kawaida huja na tarehe yake, kama risiti. Unajua jambo lilitokea lini na kwamba lilikwisha. Ya kiwewe mara nyingi hubaki vipande vipande: mngurumo, harufu ya tope, baridi ya maji. Kipande kimoja kikiguswa, mwili hujibu kana kwamba mambo yanatokea sasa hivi. Wengine hata hawakimbii. Huganda, macho wazi, jina likiitwa hawasikii. Hao ndio huambiwa wanaota mchana.

Wahenga waliliona hili mapema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tunaifundisha methali hiyo kila mwaka na kuupita unyasi wenyewe. Kinachomshtua mtu si lazima kifanane na kisa. Kwa mtoto wa Nyando, Kisumu, ambako mto hufurika mara kwa mara, huenda ikawa mvua juu ya mabati wakati wa hesabu, wala si picha yoyote ya mafuriko. Kwa wa Kondele, mtaa wa Kisumu ambako matairi yamewahi kuchomwa wakati wa maandamano, pengine ni moshi wa mpira unaoungua maabara.

Ndiyo maana onyo la jumla, "somo la leo linaweza kuwaudhi wengine", halisaidii sana. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa 2023 ulionyesha kuwa maonyo ya aina hiyo hayapunguzi uchungu, na huongeza wasiwasi kabla ya somo kuanza. Kumwondoa mtoto kwenye kila somo gumu pia kuna hasara, kwani hofu inayokwepwa kila siku hunenepa.

Kinachofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumwachia mtoto usukani kidogo. Mwambie jana yake kwamba kesho kuna video. Akae karibu na mlango, na mkubaliane ishara ya kutoka bila kujieleza mbele ya wenzake. Insha ya "Siku nitakayoikumbuka daima" iwe na kichwa mbadala, tafadhali. Si kila mtu anaikumbuka siku ya harusi ya shangazi. Akishtuka, sema naye polepole: akanyage sakafu kwa nguvu, ataje vitu vitano anavyoviona. Hapo ndipo ubongo unapopata habari kwamba yuko darasani. Ndoto mbaya na mishtuko ikizidi mwezi mmoja, anahitaji mtaalamu. Nchini Kenya, simu ya watoto ya 116 haina malipo.

Na tusidhani unyasi huo ni wa wanafunzi pekee. Mtoto wa miaka minane aliyelala na familia yake kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, leo ni mtu mzima. Pengine ndiye aliyeshika chaki, na kipindi kijacho ni Historia.