Potosí: mji wa fedha ulioinuliwa na zebaki

Potosí, kusini mwa Bolivia, umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 4,000, chini ya mlima Cerro Rico. Madini ya fedha yalianza kuchimbwa hapo 1545. Watu husimulia utajiri wa mlima, lakini kwangu mji huu unaeleweka zaidi kwa jinsi mbale zake, yaani mawe yenye madini, zilivyochenjuliwa.

Miaka 25 ya mwanzo wenyeji wa Andes waliyeyusha mbale kwa guaira, tanuri ndogo za udongo zenye matundu, zilizopangwa miteremkoni ili upepo uchochee moto. Kuni zilikuwa adimu, wakachoma nyasi na kinyesi cha llama. Tanuri hizi zilitaka mbale nono. Mbale za juu zilipokwisha, mji ukaanza kusinyaa.

Zebaki ikauokoa kuanzia 1572, ikiletwa kutoka Huancavelica, Peru. Aliyezoea kuona wachimbaji wadogo wa Geita wakikamatisha dhahabu kwa zebaki asifananishe. Dhahabu huwa tayari metali, zebaki huidaka moja kwa moja. Fedha ya Potosí ilikuwa imefungwa ndani ya kloridi na salfaidi, yaani imeungana na klorini au salfa, sharti ifunguliwe kwanza. Mbale zilisagwa unga, zikatiwa kwenye masanduku ya kwintali 50 (kama kilo 2,300), zikachanganywa na maji, chumvi, zebaki na pengine madini ya shaba yaliyochomwa. Watu wakalikanyaga tope hilo kwa miguu mitupu, wiki kadhaa. Kisha likaoshwa, donge likakamuliwa kwa kitambaa na kupashwa moto. Zebaki ikapaa, ikabaki fedha yenye vitundu kama sifongo.

Kazi ngumu ilikuwa kujua tope linaendeleaje. Fundi alichukua kidogo, akaliosha bakulini na kuitazama zebaki. Iking'aa kama mwanzo, kazi haijaanza, akaongeza shaba. Ikiwa ya kijivu iliyokolea na kukatika vipunje, tope "limepata joto": zebaki inaliwa bure, akatia chokaa au majivu.

Hasara haikuepukika. Kloridi ikitoa fedha, zebaki hugeuka kalomeli, unga unaokwenda na maji. Kwa hesabu ya kemia, karibu kilo mbili za zebaki kwa kila kilo ya fedha. Ndiyo sababu kuanzia 1587 walichanganya unga wa chuma, kiibebe kloridi badala ya zebaki.

Gharama kubwa kuliko zote waliibeba watu. Chini ya mfumo ulioitwa mita, kazi ya shuruti iliyopangwa na Francisco de Toledo, mtawala wa Peru kwa niaba ya mfalme wa Hispania, wanaume zaidi ya 13,000 waliitwa kila mwaka, kuchimba na kusaga.

Vinu vya kusagia mbale navyo vilitegemea maji, na mvua ni ya miezi michache. Wakajenga mabwawa milimani. Tarehe 15 Machi 1626 bwawa la San Ildefonso lilipasuka, likazoa watu na vinu vingi kandokando ya mkondo.

Sarafu zilizogongwa hapo ziliitwa real, na jina hilo, kupitia Kiarabu, ndilo riale la pwani yetu. Cerro Rico bado linachimbwa, na kilele chake kinadidimia.