Filta ya polaraiza haifuti kila mng'ao wa saa

Wauza saa mtandaoni, kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Iringa mjini, huamini kwamba ukifunga filta ya polaraiza (kioo cha kuchuja mwanga, chenye pete ya kuzungushwa) kwenye lenzi ya kamera, mng'ao wote wa saa ya mkononi unakwisha pichani. Sivyo. Filta hukata mwanga unaoakisiwa na kioo, tena kwa pembe maalumu: lenzi iwe nyuzi 33 hivi kutoka usawa wa kioo cha kawaida, au 30 kwa kioo cha yakuti (sapphire). Ukipiga picha wima kutoka juu, zungusha pete utakavyo, dari litabaki humo kiooni.

Kasha na mkanda wa chuma ndiyo kabisa. Mng'ao wa chuma karibu wote hupita. Hapo dawa ni kitambaa cheupe chepesi kati ya saa na dirisha, maana jua la mchana la Mbeya ni kali, na kadi nyeusi upande wa pili ili kingo zionekane.

Filta pia hula mwanga: kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde huweza kushuka hadi 1/15, kwa hiyo tumia tripodi kamera isitikisike. Saa za dijitali ndizo huchekesha: pete ikikaa vibaya, tarakimu zinatoweka au uso mzima unakuwa mweusi. Saa haijafa, zungusha pete robo mzunguko.