Shufwa au Witiri? Hisabati, Kisicho na Ukomo, na Mungu

Ukisimama ufuoni Dunga, Kisumu, asubuhi, omena zikiwa zimeanikwa juu ya nyavu mpaka mchanga hauonekani, hukosi kumsikia mtu akisema, "Hizi hazihesabiki." Zinahesabika. Zinachosha tu.

Hata ziwa lenyewe lina hesabu yake. Kadiria matone 20 kwa kila mililita, uzidishe kwa maji yote ya Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi Jinja na Mwanza. Utapata namba yenye tarakimu 20, ambazo ni sawa na namba mbili za simu zilizoandikwa bega kwa bega. Ziwa zima linaenea hapo.

Nimeanzia ziwani kwa sababu swali ambalo sisi wa idara ya hisabati tunaulizwa sana tukialikwa shuleni, kanisani au msikitini huku magharibi mwa Kenya ni hili: je, hicho kisicho na ukomo mnachokifundisha ndicho Mungu? Wengine huuliza kwa furaha, wakitaka hisabati iwe shahidi wa imani. Wengine huuliza kwa kejeli. Wote huwa wamechukulia kwamba "bila mwisho" ni jina jingine la "nyingi mno".

Aya ya 109 ya Sura Al-Kahf katika Kurani haichanganyi mambo hayo. Yasema lau bahari ingekuwa wino wa kuyaandika maneno ya Mola, bahari ingekwisha kabla maneno hayo hayajakwisha, hata ikiletwa nyingine kama hiyo kuongezea. Tazama kipande hicho cha mwisho. Bahari ya pili haikusogezi hata hatua moja. Chenye mwisho ukikiongeza kwa chenye mwisho, unabaki na chenye mwisho.

Imamu Al-Ghazali alilishika jambo hili kwa makali zaidi katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, cha mwaka 1095. Wanafalsafa wale walidai ulimwengu haukuwa na mwanzo. Sawa, akasema, basi jua limekwisha kuzunguka mara zisizo na idadi. Sayari ya Zohali (Saturn) huchukua kama miaka 30 kumaliza mzunguko mmoja, na jua, kwa hesabu ya zama hizo, mwaka mmoja, kwa hiyo mizunguko yake ni sehemu moja tu ya 30 ya ile ya jua, na bado nayo haina idadi. Iweje sehemu isiwe pungufu ya kizima? Kisha akauliza: mizunguko hiyo ni shufwa (inagawanyika kwa mbili) au witiri (haigawanyiki)? Ikiwa ni shufwa, imepungukiwa na mmoja ili iwe witiri, na kitu kisicho na mwisho kinapungukiwaje na kimoja?

Watoto wetu wanayajua maneno hayo mawili kutoka darasa la hisabati, namba shufwa na namba witiri, na aliyezoea kuswali witiri usiku analijua la pili kwa njia nyingine. Napenda kuona neno moja likifanya kazi sehemu mbili.

Jibu la swali hilo la Al-Ghazali lilichukua karne nane kupatikana, na ili ulielewe twende kwanza matangani. Mwaka jana tulikuwa kwenye mazishi ya jirani huko Seme, na kijana aliyepewa kazi ya viti vya plastiki alikuwa na wasiwasi kwamba havitatosha. Hakuhesabu viti wala watu. Aliomba kila mtu aketi. Hapakuwa na aliyebaki wima wala kiti kilichobaki kitupu, akafunga mdomo akaenda zake. Alijua idadi ni sawa bila kuijua idadi yenyewe.

Sasa waketishe namba. 1 ikae na 2, 2 ikae na 4, 3 na 6, 4 na 8, uendelee hivyo. Kila namba ya kuhesabia imepata mwenzake wa shufwa, na hakuna shufwa iliyobaki bila mtu. Kwa kipimo cha yule kijana, shufwa ni nyingi sawasawa na namba zote, ingawa ni sehemu yake tu! Galileo aliliona jambo la aina hii mwaka 1638 akarudi nyuma, akisema maneno "zaidi", "pungufu" na "sawa" hayafai mahali pasipo na mwisho. Mwaka 1888 mwanahisabati Richard Dedekind hakurudi nyuma. Alisema hiyo ndiyo maana yenyewe: kundi lisilo na ukomo ni lile ambalo sehemu yake inaweza kulingana nalo. Kilichokuwa upuuzi kwa Al-Ghazali kikageuka kuwa fasili. Hoja yake ya shufwa na witiri naiona imeanguka. Lakini swali lililo chini yake halijaanguka, yaani kama kitu cha namna hiyo kinaweza kuwapo nje, miongoni mwa miaka na mawe, au kinakaa tu akilini na kwenye karatasi.

Mtu anaweza kuridhika hapo akasema basi, kisicho na ukomo ni kimoja, na ni Mungu. Georg Cantor, mwanahisabati aliyefundisha Halle huko Ujerumani, ndiye aliyeifunga njia hiyo, na hoja yake ya mwaka 1891 inaeleweka bila fomula yoyote.

Chukua daftari la mahudhurio ya kanisa. Kila mstari ni wa muumini mmoja, na kila safu ya kushuka ni Jumapili moja. Aliyekuja anapigiwa tiki, aliyekosa anawekewa sufuri. Daftari halina ukurasa wa mwisho na Jumapili hazikomi. Karani anaapa kwamba kila namna ya kuhudhuria inayowezekana imo humo: anayekuja daima, asiyekuja kamwe, anayekuja Pasaka tu, zote. Mtazame muumini wa 1 kwenye Jumapili ya 1. Ana tiki? Wewe andika sufuri. Muumini wa 2 kwenye Jumapili ya 2 ana sufuri? Andika tiki. Shuka hivyo mshazari, ukigeuza kila unachokikuta. Mstari uliouandika si wa muumini wa 1, kwa sababu mnatofautiana Jumapili ya 1. Si wa muumini wa 1,000, kwa sababu mnatofautiana Jumapili ya 1,000. Haumo daftarini. Karani akiuongeza, rudia kazi, utampatia mwingine.

Maana yake ni kwamba kuna visivyo na ukomo vilivyo vingi kuliko vingine. Hoja hiyo hiyo ukiinyosha inaonyesha kwamba juu ya kila kimoja kuna kikubwa zaidi, na hakuna cha mwisho. Kwa hiyo anayehubiri kuwa Mungu ndiye infiniti (kisicho na ukomo) iliyo kubwa kuliko zote ametaja kitu ambacho hisabati inasema hakipo.

Cantor alikuwa Mlutheri mwenye imani kali na jambo hilo lilimgusa. Mwaka 1886 aliandikiana na Kardinali Johannes Franzelin wa Roma, aliyehofia kwamba kukubali kisicho na ukomo ndani ya ulimwengu ni kuufanya ulimwengu uwe Mungu. Cantor akatenganisha. Kuna kisicho na ukomo kinachoweza kuongezwa. Hicho ni cha viumbe na cha namba. Na kuna kile kisichoongezeka kwa lolote, alichokiita Kamilifu, na hicho ni cha Mungu peke yake, hakipimwi na hisabati yoyote. Kardinali alikubali kwamba kwa tofauti hiyo imani haihatarishwi. Watu hupenda kusimulia kwamba infiniti ndiyo iliyomtia Cantor maradhi ya akili yaliyomlaza hospitalini mara kwa mara hadi kufa kwake mwaka 1918. Mimi siuamini usimulizi huo. Maradhi ni maradhi.

Huzungushwa pia kwenye WhatsApp habari kwamba kompyuta imethibitisha Mungu yupo. Chanzo chake ni kweli. Kurt Gödel, mwanamantiki mkubwa, aliacha uthibitisho wa kuwapo kwa Mungu, na mwaka 2013 Christoph Benzmüller na Bruno Woltzenlogel Paleo waliukagua kwa kompyuta. Kilichothibitishwa ni kwamba ukikubali misingi, hitimisho linafuata. Tena kompyuta iligundua kuwa misingi jinsi Gödel mwenyewe alivyoiandika inajipinga. Iliyosimama ni ile iliyorekebishwa na mwanamantiki Dana Scott. Mantiki huikagua barabara yenyewe, lakini stendi unayoanzia safari unaichagua mwenyewe.

Hoja ninayoipenda kuliko hiyo ni ya huku kwetu. Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya, alizunguka vijijini akiwahoji wazee wenye hekima, mmoja wao akiwa Mzee Paul Mbuya Akoko. Mzee alisema Nyasaye wa Wajaluo na Mungu wa wazungu ni mmoja, kwa maana miungu ingekuwa mingi ingevutana, na maumbile yangevurugika. Darasani tunaiita hoja hiyo uthibitisho kwa ukinzani: chukulia kinyume, ufuate mpaka kikwame. Aya ya 22 ya Sura Al-Anbiyaa ina umbo hilo hilo. Anayetaka kuipinga asihangaike na hatua zake, abishane na msingi wake: kwa nini miungu mingi isielewane?

Baada ya somo la daftari, msichana mmoja wa mwaka wa tatu alinifuata koridoni. Nilikuwa nimetaja kwamba Cantor hakuweza kujua kama kati ya wingi wa namba za kuhesabia na wingi wa namna zote za kuhudhuria kuna wingi mwingine, na kwamba Gödel mwaka 1940 na Paul Cohen mwaka 1963 walionyesha kuwa misingi ya kawaida ya hisabati haiwezi kusema ndiyo wala la. "Sasa mwalimu," akaniuliza, "Mungu anajua jibu, au hakuna jibu la kujua?"

Nilimwambia Gödel aliamini jibu lipo, ni misingi yetu iliyo mifupi, na wengine wanaona ulimwengu wa seti, yaani makundi ya hisabati, si mmoja, hivyo hakuna jibu moja. Mimi naelemea kwa Gödel, na sina hoja ya kumlazimisha mtu anifuate.